Kwa Nini Maziwa Huganda Yote kwa Mara Moja

Povu la sabuni lilikuwa bado linamchuruzika Luhende viwikoni mama mkwe wake alipotokea mlangoni mwa jiko. Bi Milembe alikitazama kibuyu kilichoinamishwa juani, akautazama mchanga aliokisugulia, akalitazama birika la maji ya moto. Kwa adabu ya ukwe Luhende hakupaswa kumkazia macho, na safari hii aliishukuru sana adabu hiyo.

"Nimekuoshea kibuyu, mama," alisema. "Kilikuwa na utando ndani. Nimekisugua mpaka kimelia."

Mkewe, Kwangu, aliacha kupepeta mtama. "Baba Shija! Kwa maji ya moto?"

Hapo ndipo Luhende alipoukumbuka ugeni. Kesho alasiri wazee wa upande wa mchumba wangefika kumposa shemeji yake, Nyanzobe, na katika nyumba hiyo walipaswa kupokewa kwa mtindi wa kibuyu hicho, si kingine. Mposaji anayepewa maziwa mabichi huelewa kwamba amekataliwa. Hunywa, hushukuru, huaga, na harudi tena.

"Mtu aliyelala Beira na kula Lubumbashi," Bi Milembe alisema hatimaye. "Kwenu hamkuambiwa asili ya mtindi?"

"Tuliambiwa na bibi, mama." Kisa chenyewe kilikuwa kimemtoka kichwani miaka yote hiyo ya kuendesha malori, mpaka alipoviona vipande vyeupe vya utando vikielea kwenye maji machafu. Ndipo kikamrudia, kama mgeni anayebisha hodi vyombo vikishaoshwa.

"Basi sema. Na hawa wasikie." Watoto walikuwa wameshakaa chini, maana baba yao akiharibu jambo huwa hawakosi.

Luhende akaketi juu ya kinu kilicholala, akaanza.

Hapo zamani, alisema, maziwa hayakuwa yakiganda. Yalikaa mabichi mpaka yakaoza, yakamwagwa. Ndani ya kibuyu cha kwanza waliishi watu wadogo mno, wadogo hata chawa kwao angekuwa mlima. Kila mmoja alielea peke yake, hamjui jirani. Kazi yao ilikuwa kutia uchachu, lakini uchachu wa mmoja ni kama mate ya mtu mmoja ziwani. Tena ulikuwa wa hatari. Mwenye kibuyu akinusa uchachu kidogo tu, alidhani maziwa yameharibika, akamwaga kila kilichokuwamo.

Mmoja wao aliitwa Kadogo, jina la ajabu, Luhende alikiri, kwa kuwa wote walikuwa wadogo. Kadogo alikuwa mwoga. Kila maziwa yalipomwagwa alijibana kwenye mkunjo wa ukuta, akawasikia wenzake wakipita na wimbi. Kisha kimya. Humo ndani giza halina mwisho, naye hakujua kama ndiye pekee aliyebaki duniani. Kwa hofu hiyo akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Alidondosha harufu kidogo, si uchachu, harufu yake tu, yenye maana ya "nipo". Akangoja. Akadondosha tena. Alipokwisha kukata tamaa ikamfikia harufu nyembamba, isiyo yake: "Na mimi nipo."

Wakasogeleana. Wakatema ute, wakajigandisha ukutani, wakajifunika kama ndugu wenye blanketi moja, wa pembeni wakipigwa na baridi kwa ajili ya wa katikati. Waliozaliwa humo walifundishwa harufu kabla ya kazi. Na Kadogo aliwapa sharti: "Mkinusa kuwa tu wachache, tulieni. Mkinusa mpaka hamwezi kunusa kingine, hapo sasa, sote."

Kungoja kuliwatesa. Safari moja mmoja wao alishindwa na hofu, akatia uchachu mapema, na wachache wakamfuata. Mwenye kibuyu akakunja pua. Kibuyu kikainuliwa, kikapinduliwa, wakakaza ute wao kwa nguvu zote. Nusu yao walikwenda. Waliobaki hawakuhitaji kuulizana nani hayupo. Harufu ilikuwa imejaa mapengo. Wakaanza upya, taratibu. Nipo. Nipo. Nipo.

Hapo Luhende alikwama, macho yake kwenye dimbwi la sabuni.

"Halafu?" Kwangu aliuliza.

"Halafu yakaja maziwa mapya."

Wakaongezeka, alisema, harufu ikazidi mpaka Kadogo akakosa pa kugeukia. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja alijua. Wakatoa uchachu wote kwa pamoja, na maziwa yakashikana kabla mtu hajapata nafasi ya kukunja pua. Mwenye kibuyu alikuta kitu kizito, cheupe, kikicheza kikitikiswa. Akaonja kwa woga. Akalamba vidole.

Na tangu siku hiyo maziwa hukaa kimya, ukadhani hamna kinachoendelea, kisha yakaganda yote kwa mara moja. Na tangu siku hiyo utando wa kibuyu cha mtindi hausuguliwi, kwa sababu ule ni mji wa watu. Ukiumwaga, maziwa yatakayofuata yatangoja harufu isiyokuwapo.

Alimaliza. Watoto hawakucheka, na hilo lilimtisha kuliko yote.

"Labda, mama," alisema, "kwenye ufa mmoja amebaki mtu. Labda hivi sasa anadondosha harufu, anangoja ajibiwe."

"Hajabaki." Bi Milembe alimkabidhi kata tupu. "Ndugu zao wamo kwenye kibuyu cha mke mwenzangu. Sijakanyaga kwake tangu tumzike mume wetu. Nenda kaombe mtindi kidogo wa kuanzia, mkwe, na useme ni wewe uliyeosha."