Kisu cha Mwanatumu

Haya, nyamazeni. Na wewe mwenye mtoto anayelia, mwache alie, maana hadithi hii ni yako.

Alikuwapo Mwanatumu, mama wa pacha wasiokaa kitako na kichanga kisicholala. Mumewe yuko safarini. Mkwewe aliweka kisu kando ya kichwa cha kichanga, akamwambia, "Jini haogopi kitu ila chuma. Nawe usivuke kizingiti mpaka siku zako arobaini zitimie." Akaenda zake harusini.

Siku ya kwanza Mwanatumu akalia, watoto wakalia. Jua la utosi, jini akabisha hodi uani. Mwanatumu akakisogeza kisu miguuni pa kichanga. Jini akafika mlangoni.

Siku ya pili akalia, watoto wakalia. Akakitupa kisu uvunguni. Jini akafika mkekani.

Siku ya tatu hakuwa na chozi. Akakitupa kisu nje dirishani, akamnyooshea jini kichanga. "Mchukue, bibi. Ukamlee au ukamle, mchukue tu."

Lo! Jini hakupokea. Alijibwaga mkekani, nywele timutimu, maziwa yakimvuja kifuani, akalaza kichwa mapajani pa Mwanatumu.

"Dada yangu," akasema, "kwangu nimewakimbia watoto saba. Natafuta wa kunibembeleza, na kila nyumba ya mzazi ina kisu."

Basi Mwanatumu akaanza kubembeleza: pacha, kichanga na jini, kwa mikono ileile miwili.

Mimi nikatoka, nikamwacha humo ndani. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na saba.