Chupa Iliyosubiri Bei Yake

Hapo zamani, na sisemi zamani sana, maana watu walikuwa na simu mifukoni na bado hawakujuliana hali, palikuwa na watu wanne kule Limuru waliopenda wiski ya Ireland kupita kiasi kinachohitajika.

Mnawajua watu wa namna hiyo. Anakunusisha glasi kabla hajakupa kiti. Anakuambia ndani yake mna tufaha la kuokwa, mna asali, mna ngozi ya tandiko la farasi, na yeye farasi amemwona kwenye televisheni tu. Lakini hawa wanne walikuwa afadhali kidogo, na uafadhali wao ulitoka kwa mtu mmoja, Mwalimu Kibunja.

Mwalimu Kibunja alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini na minne, akastaafu na mafao madogo na pua kubwa. Wenzake walikuwa watatu. Mwangeka, wakili, ndiye aliyejua kununua. Kerubo, mfamasia, ndiye aliyejua bei, kwa sababu alikesha kwenye minada ya mtandaoni kama wengine wanavyokesha maombini. Kimutai ndiye aliyejua kuonja. Huyo alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha chai, analipwa kufyonza na kutema tangu asubuhi, na alipofika kwenye wiski alikataa kabisa kutema.

Kila Jumamosi saa nane mchana walikutana sebuleni kwa Mwalimu. Nje ukungu umelalia mashamba ya chai, ndani kuna moto. Chupa ililetwa imevishwa soksi, ili mtu asije akaonja lebo. Mwangeka ananunua, Kerubo anapima bei, Kimutai anaonja, Mwalimu anaamua.

Na palikuwa na sheria. Sheria hiyo ilizaliwa siku Mwangeka alipoleta chupa ambayo saa nane ilikuwa imegharimu elfu kumi na mbili, saa tisa ikawa imegharimu elfu kumi na nane, na saa kumi, glasi zikiwa zimejazwa mara ya tatu, ikawa imegharimu elfu thelathini. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuanzia leo chupa haivunjwi muhuri mpaka mnunuzi aseme mbele ya wote ameitoa wapi na kwa bei gani. Na kama hata mmoja ana neno juu ya bei hiyo, chupa inabaki na muhuri wake mpaka neno hilo liishe.

Ikawa hivyo miaka tisa.

Mwaka wa kumi Mwalimu akapata saratani ya koo. Akapelekwa tiba ya mionzi Nairobi, akarudi; akapelekwa tena, akarudi akiwa nusu yake. Binti yake Nyakio akaacha chumba chake cha kupanga Thika, akaja kumwuguza. Nyakio hakuwa mnywaji. Wiski kwake ilikuwa harufu ya Jumamosi.

Siku moja Mwalimu akawaita wenzake, akawaambia jambo ambalo walikuwa wamelisikia mara nyingi ila safari hii halikuwa hadithi. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mwalimu mpya katika shule ya wamisheni, padri mmoja wa Ireland aliyekuwa mkuu wa shule alimwita ofisini akampa habari kwamba mama yake amefariki. Padri hakuhubiri. Alitoa chupa kwenye kabati la mafaili, akamiminia ndani ya kikombe cha chai, akakaa naye bila kusema neno mpaka kikombe kikaisha. Kwenye lebo palikuwa na picha ya gurudumu la kinu cha maji. Kiwanda chenyewe kilifungwa kitambo. Tangu siku hiyo Mwalimu alikuwa ameonja wiski za kila aina akiitafuta ladha ile, hakuipata.

"Atakayenirudishia ile ladha kabla sijaondoka," akasema, "kabati langu ni lake."

Mnahitaji kujua kabati hilo. Lilikuwa na chupa kumi na moja, zote zimesimama, zote na muhuri, chupa ambazo Kerubo alikuwa akizitaja bei kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja wafu. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu ambaye hakuwahi kuliota.

Basi wakatafuta.

Mwangeka akaipata. Aliipata Tigoni, kwa mjane aitwaye Mama Perpetua, ambaye marehemu mumewe alikuwa karani wa shamba la chai na aliachiwa chupa hiyo na meneja mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa nyuma ya sahani za sikukuu, picha ya gurudumu usoni, haijaguswa. Mwangeka akaigeuzageuza, akakunja uso, akamwambia mama yule kwamba pombe hii imepitwa na muda, imeoza, lakini yeye hukusanya chupa za zamani. Akampa elfu tatu. Mama Perpetua akamshukuru na kumwongezea mayai.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo chupa ikawa mezani. Mwalimu alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, macho yake hayatoki kwenye ile soksi. Kimutai akapanga glasi. Mwangeka akasimama, akasema ameitoa kwa mjane Tigoni, kwa elfu tatu.

Kerubo akauliza mjane aliambiwa nini. Mwangeka, kwa sababu mbele ya Mwalimu hakuweza kudanganya, akasema.

"Wakili," Kerubo akamwambia, "chupa kama hii iliuzwa mnadani mwezi wa pili kwa laki moja na themanini. Elfu tatu si bei. Huko ni kumwibia mjane ukiwa umevaa tai."

"Daktari," Mwangeka akamjibu mfamasia, "sinunulii tumbo langu. Mgonjwa huyo hapo. Tumwonjeshe leo, kesho nitatubu kwa lugha yoyote unayotaka."

"Mimi nina neno juu ya bei," Kerubo akasema, akakaa.

Wote wakamgeukia Mwalimu. Sheria ni yake, aseme tu. Kimutai alikuwa ameshashika kizibo.

Mwalimu akaitazama ile chupa. "Sheria hii niliiweka nikiwa mzima," akasema, na sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokunjwa. "Nikiivunja leo kwa sababu mwenye kiu ni mimi, basi ilikuwa ya kuwabana ninyi tu."

Chupa ikabaki na muhuri. Mwangeka akaondoka nayo, kwani mnunuzi ndiye hutunza chupa mpaka neno liishe. Hilo nalo lilikuwa katika sheria.

Kerubo akatoka kwenda kulimaliza neno lake. Tigoni akakuta nyumba imefungwa. Mama Perpetua alikuwa amehamia kwa mwanawe Voi, na namba yake haipatikani. Kerubo akauza chupa zake nne, zote alizokuwa nazo za maana, kwa watu ambao hawakustahili hata kuzinusa. Ikamchukua wiki tatu kupata mnunuzi, kupata namba, kupata mtu wa kumshikia duka la dawa. Akafika Voi, akahesabu pesa mbele ya yule mama, akamweleza. Mama Perpetua akazishika bila kuzitazama.

"Yule wakili aliniambia imeoza," akasema. "Sasa imeoza au haijaoza?"

"Haijaoza, mama," Kerubo akajibu.

Lakini ilikuwa inaoza. Mwangeka alikuwa na rafu ya mbao nyumbani kwake, imechongwa vizuri, ya kulazia mvinyo, iliyowekwa mahali ambapo mgeni hawezi kuacha kuiona. Aliilaza ile chupa humo, katikati, lebo juu. Ni kosa ambalo mlevi wa kawaida hawezi kulifanya, kwa sababu mlevi wa kawaida hana rafu. Mvinyo hulala, wiski husimama. Mvinyo ukilala hukilowesha kizibo kikabaki kizima. Wiski ikilala hukila. Na kizibo hiki kilikuwa na miaka hamsini.

Asubuhi ya Jumamosi ya kuonja, Mwangeka akakuta doa kwenye sakafu na chupa iliyobaki nusu. Akaipeleka mbio kwa Kimutai atie kizibo kipya, akaenda zake ofisini akiamini kilichobaki ni kizima. Kimutai akamimina matone mawili, akaonja. Kadibodi iliyolowa. Akaonja tena, kama mtu anayerudia kusoma barua mbaya. Kadibodi.

Akafunga mlango. Akatoa rafuni wiski zake tatu za Ireland, akatoa bomba la sindano analopimia, akakumbuka kila neno ambalo Mwalimu aliwahi kulisema juu ya kikombe kile kwa miaka kumi: moshi hakuna, asali ya mwanzo wa mvua, pilipili mwishoni kabisa, ukishadhani imekwisha. Akachanganya kama anavyochanganya chai ya mashamba matano ili iwe chai moja. Mara ya kumi na saba akaacha. Akaimwaga ile iliyooza, akajaza yake, akatia kizibo, akaivisha soksi.

Saa nane wakakaa. Kerubo akasimama badala ya Mwangeka, akasema: laki moja na themanini, amelipwa mwenyewe, mkononi, Voi. Je, kuna mwenye neno juu ya bei? Hakuna aliyekuwa na neno juu ya bei. Kimutai alikuwa na neno juu ya kingine, akalimeza.

Daktari wa hospitali alikuwa ameulizwa kuhusu wiski, akajibu kwa kutazama dirishani. Basi Nyakio akamiminia kidogo ndani ya kikombe cha chai, akamnywesha baba yake kwa kijiko. Kijiko kimoja. Akangoja. Cha pili.

Kwa kawaida huu ndio wakati wenyewe wa wale watatu kushindana, huyu na tufaha lake, yule na tandiko lake. Siku hiyo hakuna aliyesema kitu. Walikaa wakimtazama, mikono magotini, mpaka kikombe kikaisha.

Mwalimu akafumbua macho. "Ndiyo hii," akasema.

Kerubo akalia. Mwangeka akatoka nje kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo. Kimutai akatazama chini.

Jumatano Mwalimu akafariki.

Jumamosi baada ya maziko wakarudi kwenye viti vyao, na kiti kimoja kitupu. Nyakio akaweka ufunguo wa kabati mezani, akasema baba ameniachia niutoe kwa anayestahili, nami sijui habari za chupa zenu, semeni wenyewe.

Mwangeka akaanza. "Bila mimi chupa hii ingekuwa bado nyuma ya sahani. Nilimdanganya mjane, sikatai. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na haraka, na mtu anayekufa anahitaji wenye haraka."

Kerubo akafuata. "Uliipata, hukuinunua. Mimi ndiye niliyeinunua, kwa kila kitu nilichokuwa nacho. Baba yako alikunywa kitu safi, Nyakio, na yeye mwenyewe alisema bora angoje kuliko anywe cha wizi."

Kimutai akawa wa mwisho. Alipoanza, alisema mambo ya rafu, na kizibo, na kadibodi, na bomba la sindano. Wenzake wakamtazama kama mtu anayevua nguo. "Mliyomtafutia ilikuwa imekufa," akasema. "Aliyoionja niliitengeneza mimi. Aliposema ndiyo hii, alisema kuhusu mikono yangu."

"Basi alikufa akidanganywa," Kerubo akasema.

"Alikufa akiwa ameridhika. Wewe ungemwambia?"

Mwangeka akadakia kwamba kama wangeifungua Jumamosi ile ya kwanza, isingelala kwake wala kuoza, na uongo usingehitajika. Kerubo akamjibu kwamba kama asingemwibia mjane, neno lisingekuwapo. Ingeendelea hivyo mpaka jioni, lakini Nyakio akanyoosha mkono akaufunika ule ufunguo.

"Baba hakuwa anasikia ladha," akasema.

Kimutai akainua uso.

"Mionzi iliua ulimi wake kidogo kidogo. Wiki moja kabla ya ile Jumamosi ya kijiko nilikosea nikatia chumvi kwenye uji badala ya sukari, chumvi nyingi. Akanywa bakuli zima akanishukuru. Hapo ndipo nilipojua, akaniomba nisiwaambie." Akamtazama Kerubo, si kwa ubaya. "Ile Jumamosi ya kwanza alikuwa bado anasikia, mwenyewe aliniambia. Nataka mjue hilo, kwa sababu mimi nimelijua peke yangu mpaka nimechoka."

Kerubo akainamisha kichwa.

"Mlipoondoka nilimwuliza mbona alisema ndiyo hii. Akasema ilikuwa moto mdomoni, basi, kama maji. Halafu akaniambia: walinyamaza, Nyakio. Uliwaona walivyonyamaza?"

Akauondoa mkono wake juu ya ufunguo. Hakuna aliyeugusa. Wakaaga, wakavaa makoti, wakaenda kila mmoja na njia yake katika ukungu. Na kabati bado limefungwa, chupa kumi na moja zimesimama humo, na Nyakio hawezi kurudi Thika mpaka ajue amkabidhi nani.

Sasa ninyi mliokaa mkanisikiliza. Mwangeka alileta chupa ya kweli kwa uongo, wakati ulimi ulipokuwa bado mzima. Kerubo aliitakasa bei yake, na kuitakasa kukachukua wiki tatu ambazo mgonjwa hakuwa nazo. Kimutai aliitengeneza upya kwa mtu ambaye angenyweshwa chai asijue. Na Nyakio alishika kijiko huku akijua yote mawili, kwamba baba hasikii na wenzake hawajui. Msiniambie wagawane, ufunguo ni mmoja, na Mwalimu alisema ni wa yule atakayemrudishia ile ladha.

Je, ni nani aliyemrudishia?