Boriti Zisizo na Kiuno

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa tatu na robo asubuhi, manyunyu yakidondoka kama yanayoona haya, mhandisi alifika kukagua bweni jipya la ghorofa nne. Ilibaki saini yake tu, kisha wanafunzi mia mbili wahamie. Mlangoni alipokewa na mkandarasi, ambaye ni baba yake mdogo, aliyemlea na kumsomesha tangu alipofiwa na baba.

Nchi ile ilizoea matetemeko. Kwa hiyo mhandisi alikuwa amechora boriti za chuma zenye kiuno: karibu na kila nguzo, kingo za boriti zikatwe, ziwe nyembamba kama kiuno cha nyigu. Ardhi ikitikisika, boriti ipinde pale kiunoni, nguzo zibaki wima, watu watoke salama. Boriti isiyo na kiuno hushupaa. Nguvu yote huishia kwenye kiungio, kikakatika ghafla kama ukuni mkavu.

"Shikamoo, baba mdogo. Viuno vipo?" aliuliza, akizitazama boriti zilizokwisha kufunikwa kwa mbao za jasi.

"Marahaba. Vyote, mwanangu. Nimesimamia kwa macho yangu haya mawili."

Wakapanda ghorofa ya kwanza. Fundi wa kuchomelea alikuwa akikusanya vifaa vyake pamoja na wenzake. Mhandisi akamuuliza kazi ya kukata viuno iliwachukua siku ngapi.

"Viuno gani tena, injinia?" fundi akacheka. "Si mzee alisema mchoro umekosewa? 'Chuma si mwali, kiuno cha nini?' Tukapachika boriti nzima nzima. Hapa hata tembo acheze ngoma!"

Mkandarasi akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Mhandisi akabandua ubao mmoja. Boriti ilikuwa nene moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Damu ikamchemka.

"Baba mdogo! Nilikipunguza chuma makusudi. Kama ulidhani nimekosea, ulikosa mdomo wa kuniuliza? Ukaona heri unidanganye uso kwa uso?"

"Punguza sauti, mafundi wanasikia. Niliona unadhoofisha jengo, nikakusitiri. Nawe nisitiri. Nani alikulipia ada miaka saba? Leo nakudai saini moja tu."

Kusitiri! Mtu anataka kuwalaza watoto wa wenzake chini ya chuma kisichojua kupinda, kisha uovu huo anaupamba kwa jina la hisani!

"Ulinisomesha, sikani," mhandisi akajibu. "Uzeeni nitakutunza, ukiugua nitakuuguza. Lakini saini hii ni ya watakaolala humu. Deni lako silipi kwayo, leo wala kesho."

Akaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: LISIKALIWE. BORITI ZOTE ZIFUNULIWE, ZIKATWE VIUNO. Akampa nakala yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Mkandarasi akabaki ameishika mbele ya mafundi wake. Uongo alioutia mbao, rangi na heshima ya uzee haukufika hata ghorofa ya pili. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.