Mshamu na Mlango wa Kisima

Hapo zamani, katika mji ambao leo hata jina lake limeliwa na mchwa, palikuwa na Sultani aliyependa mawaridi yake kuliko raia zake. Akakizungushia ukuta kisima cha mji, akatia mlango na kufuli, maji yakawa ya bustani tu. Watu wakaenda kulalamika msikitini siku ya Ijumaa, hotuba ikavurugika. Sultani akaghadhibika, akapiga mbiu: atakayepaza sauti khatibu akiwa mimbarini, mlango wake utang'olewa uchomwe kuni. Mji wote ukafyata mkia.

Basi palikuwa na fukara mmoja, Mshamu, ambaye mali yake yote ilikuwa mlango wa mninga aliorithi kwa babake. Kibanda chenyewe kilikuwa kimeuegemea tu. Aliupenda mno mlango ule, lakini kiu nayo ilimzidi. Ijumaa iliyofuata akaja msikitini amevaa kata ya kuchotea maji badala ya kofia, mpini umeelekea kibla, akaketi kimya ubavuni mwa Sultani. Watu wakaziba vinywa kwa vilemba wasicheke. Sultani akastahimili, akastahimili, mwisho akanguruma katikati ya hotuba, "Nyamaza wewe!"

Swala ilipokwisha, Mshamu akapelekwa kwa kadhi kwa shitaka la kuvuruga hotuba, na maseremala wameshika mitaimbo. Akilini aliuona mlango wa babake ukiwaka.

Kadhi akauliza mashahidi mshitakiwa alisema nini. Wakaapa kwamba hakufungua kinywa. Akauliza basi ni nani aliyepaza sauti, na wote wakaanza kutazama vidole vya miguu yao.

"Nilimnyamazisha tu," akasema Sultani.

Mshamu akainama kwa adabu. "Shekhe, wewe ndiwe uliyetusomesha. Anayemwambia mwenzake nyamaza, khatibu akihutubu, hukumu yake nini?"

"Naye amepayuka," akajibu kadhi.

Ama kweli, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sultani akauliza kwa sauti ndogo, "Nami nina milango mingi. Mtang'oa upi?"

"Maulana, mbiu haikusema upi," akajibu Mshamu. "Uking'olewa wa jumba, wataingia wezi. Uking'olewa wa kisima, wataingia wenye kiu tu."

Sultani akamtazama, akaitazama na ile kata, akacheka hata kilemba kikamdondoka. Jioni ile mlango wa kisima ukang'olewa, na kuni zake zikapikia mji pilau. Mshamu akala akashiba, akaenda kisimani, akavua kofia yake, akachota maji.

Hekaya imekomea hapo. Mwenye kiu, kisima ki wazi.