Kipepeo Mwenye Masikio Mabawani

Niitikieni, nami nianze. Mmeitika? Basi ng'ambo ya bahari, katika misitu ya joto ya Amerika, palikuwa na kipepeo wa rangi ya majivu aliyeruka usiku. Hakuwa na hata mmoja wa kumwuliza, "Umeshindaje?"

Akaenda kwa bawabu wa vipepeo. "Niingize, mzee, mimi ni wenu."

"Huonekana saa ngapi?"

"Usiku."

"Saa za kazi ni mchana. Nenda kwa nondo, wenye zamu ya usiku."

Akaenda kwa bawabu wa nondo. "Niingize, mzee, mimi ni wenu."

"Babu yako nani?"

"Kipepeo."

"Umekosea dirisha, bwana mdogo. Ukitoka, funga mlango." Mlango wenyewe haukuwepo.

Akaenda kwa mzimu wa msitu. "Niingize, bibi, mimi ni..." Akakwama, hakujua tena amalizieje.

Mzimu akamhurumia. "Ndugu wa kukupa sina, mwanangu. Nakupa masikio mabawani. Yeyote anayekutafuta, utamsikia."

Akatua kwenye jani, akasikiliza. Vipepeo walilala bila kumtaja. Nondo walipita wakipiga soga zao. Kisha ikaja sauti nyembamba kutoka mbali: "Uko wapi? Uko wapi?"

Alikuwa popo mwenye njaa. Kipepeo akachomoka, akaponea chupuchupu.

Kesho yake, jua lilipotua, akarudi pale pale, akatega mabawa. Msimcheke, wanangu. Hakuna mwingine aliyewahi kumwuliza yuko wapi.

Ngano yangu nimeitua. Aitakaye na aibebe.