Tetea wa Rangi ya Majani

“Inuka, mume wangu, umemkalia tetea!”

“Nimekalia majani, Mize.”

“Majani hayapigi kelele. Inuka!”

Chande akainuka, na kweli, kuku akachomoka chini yake, akajikung’uta, akatembea kidogo kisha asionekane tena.

“Mwanamume gani hamwoni kuku wa nyumbani kwake?”

“Yule yule asiyeuona ufagio,” akajibu Chande.

Hapo zamani, ndivyo walivyozozana mume na mke hao kila kulipokucha, katika mji uliotawaliwa na Sultani Shaweji. Chande alikuwa maskini, tena mvivu wa kusifika, hata majani makavu ya mti wa mkungu yalijaa uani mpaka kizingitini. Chakula chao kilitokana na mayai aliyouza Mize, hawakuwa na kingine. Ikawa Sultani ametoa amri kwamba kuku yeyote atakayeonekana uani kwa mtu ni wa jiko lake. Basi mtumishi wake Feruzi akawa anazunguka na tenga, anaingia nyua za watu bila kubisha hodi, wala hakuna aliyethubutu kumkataza. Lakini kwa Chande, baada ya miaka kadhaa, akawa anatoka na tenga tupu.

Taabu ni kwamba jogoo wa Chande aliwika. Sultani akamsikia, akamwita Chande barazani kwake.

“Ewe Chande, kuku wako wako wapi?”

“Wako uani, bwana wangu, sikuwaficha. Hata mimi huwatafuta kwa makalio.”

Watu wakacheka. Sultani hakucheka. Kuku wake yeye walikuwa weupe kama pamba, na mwewe alikuwa akiwabeba mmoja mmoja naye akitazama. Basi akasema, “Kesho utaniletea kuku ambaye mwewe hamwoni, nami namwona. Ukishindwa, nyumba yako, ua wako na kuku waliomo ni mali yangu.”

Mize aliposikia habari hiyo akashika kichwa. “Sultani asipomwona, nyumba imekwenda. Akimwona, amri yake inamchukua kuku. Nawe ulikwenda kuwachekesha watu!”

“Ndiyo kazi pekee niijuayo,” akasema Chande, akamtia tetea kikapuni, akafunga mtama kidogo katika pindo la shuka.

Kesho yake akamfungulia tetea katika bustani ya Sultani, penye majani makavu. Sultani alikuwa ameketi juu roshani. Mara mwewe akaja, akazunguka, akapita juu ya majani yale pasi na kusita, akabeba kuku mweupe.

“Mwewe hakumwona,” akasema Chande.

“Hata mimi simwoni!” Sultani akanguruma. “Nyumba yako imekwenda!”

“Bwana wangu, umekaa juu kama mwewe, nawe unamtafuta kama mwewe, ili umle. Tafadhali shuka, uchuchumae, ushike mtama huu, umwite.”

Sultani akashuka kwa hasira, joho likiburuzika, akachuchumaa. “Kuru, kuru, kuru!” akaita kwa sauti ya kuamuru, na hakikutokea kitu. Akaita tena, polepole. Majani yakacheza kando ya kiatu chake, tetea akatoka, akaja kudonoa mtama kiganjani mwake.

“Nimemwona!” Sultani akapaza sauti kama mtoto.

Feruzi akasogea na tenga. “Basi ni wa jikoni, bwana.”

“Ngoja wewe. Chande, ulimpataje kuku wa rangi hii?”

“Laiti ningekuwa fundi, bwana wangu! Kujenga banda sijui, nikawaacha wazurure. Weupe akawala mwewe. Wekundu na weusi akawachukua Feruzi. Wakabaki wale ambao wawili hao hawakuwaona, wakatotoa, na watoto wao wakazidi kufanana na majani nisiyoyafagia. Kazi yote wameifanya mwewe na jiko lako. Mimi nilikuwa nimelala.”

Sultani, angali amechuchumaa, akamtazama mwewe angani, akalitazama tenga la Feruzi, kisha akautazama mkono wake uliojaa mtama. Uso ukamwiva kwa haya. Halafu kicheko kikamtoka, akacheka hata kilemba kikalegea.

“Siku zote najiita baba wa mji huu, kumbe mdomo wangu umepinda kama wa mwewe!”

Basi akaifuta amri ile pale pale, akamrudishia Chande tetea wake, akamwomba vifaranga vya mbegu. Alimwomba, hakumwamuru. Na ujira akaahidi kuupeleka nyumbani.

Siku ya pili Chande, kwa kuona aibu ya kusifiwa bure, akachukua ufagio kwa mara ya kwanza tangu aoe.

“Weka chini!” Mize akamkemea. “Unataka kuwavua nguo kuku wangu?”

“Jana mvivu, leo mharibifu. Nikae wapi basi?”

“Popote, ila utazame kwanza!”

Wakiwa katika kuzozana huko, wakasikia mtu anabisha. Alikuwa Feruzi, gunia kichwani, amesimama nje ya mlango kwa adabu, mguu mmoja ameuning’iniza hewani.

“Hodi, wenyewe! Nimeleta mtama wenu. Niambieni tu, mguu niuweke wapi?”