Jasho la Pombe ya Miwa

Hadithi ije! Semeni, "Ije tuione!" Kwa sauti! Mchome, acha kumfinya mwenzako, la sivyo nanyamaza. Haya.

Ilikuwa zamani, zamani sana, bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, huku milimani kwetu Upare. Kijiji kilikuwa na bwawa juu mlimani, na bwawa lilikuwa na mlango wa gogo, na mlango ulikuwa na mlinzi, jina lake Senkoro. Asubuhi anafungua, mashamba yanakunywa. Jioni anafunga, bwawa linajaa. Anafungua, anafunga. Kazi ni hiyo tu, wanangu! Hiyo tu!

Basi akaja mgeni, Mkwizu. Akainjika pombe ya miwa motoni, akafunika chungu, akachomeka mwanzi. Mvuke ukapita mwanzini, ukatoka matone meupe kama machozi.

Wanaume wakauliza, "Nini hii?"

"Maji ya uhai," akasema Mkwizu. "Ukinywa huzeeki."

Naye mwenyewe kibogoyo! Hakuna jino hata moja! Je, kuna aliyemtazama mdomoni? Hakuna.

Senkoro akanywa. Akapenda. Asubuhi mlango haufunguliwi, jioni haufungwi. Mkewe Namkunda akasema, akachoka kusema. Akaenda kwa wazee awashtaki walevi, akawakuta wazee kwa Mkwizu, wamelala chali.

Mzee Mbazi akafumbua jicho moja. "Mwanamke, unatuharibia kikao."

"Kikao gani, baba? Mnakoroma!"

"Tunatafakari."

Mnacheka? Namkunda hakucheka.

Mvua za vuli zikaja. Ikanyesha, ikanyesha, bwawa likafura. Namkunda akamtikisa mumewe. "Baba Kiondo, amka! Bwawa linafurika!"

"Bwawa langu linanijua," akajibu Senkoro. "Litanisubiri." Akageukia ukutani.

Litamsubiri! Mmesikia? Maji yamsubiri mtu!

Namkunda akawaita wanawake wenzake. Wakavuta gogo, wakavuta. Limevimba kwa maji, halitoki. Akakimbia nyumba hadi nyumba akiita wanaume. Huyu anacheka peke yake, yule anamwita mama, wa tatu anamwuliza kama amekuja na kikombe.

Adhuhuri ukingo ukapasuka. Maji yakashuka na matope na mawe, yakabeba mahindi, yakabeba migomba, yakabeba kibanda cha chini karibu na mfereji. Humo aliishi Nambike, kikongwe, mama yake Senkoro. Namkunda alikimbia kumfuata. Hakumwahi.

Maji yalipotulia, wazee wakaja wakiyumba, Mbazi mbele. Sikieni aliyoyasema, mimi hadi leo yananipandisha hasira! Akasema, "Namkunda, wewe ulikuwa macho. Kwa nini hukufungua mlango?"

Yeye! Aliyekuwa macho, ndiye wa kuulizwa!

Namkunda alikuwa na maneno ya msimu mzima kifuani. Akafungua kinywa ayamwage yote. Hapo Senkoro akatokea, macho mekundu, anapepesa kwa mwanga. Akatazama watu, akatazama tope, asielewe. Akamwuliza mkewe taratibu, kama kila siku, "Mama amekula?"



Namkunda akafunga kinywa. Hasira yote ile, wanangu, ikakosa pa kwenda. Akamshika mumewe mkono kama unavyomshika mtoto, akamteremsha hadi ukingoni mwa mfereji, mahali palipokuwa na kibanda, akamwacha atazame mwenyewe.

Mkwizu? Alikwishaondoka na chungu chake. Bwawa walilijenga upya, Senkoro akiwa wa kwanza kushika jembe na wa mwisho kuliweka. Hakunywa tena. Lakini hakuna aliyemwita mlinzi tena, wala yeye hakuomba.

Basi, anayelinda maji ya watu awe na akili zake. Na mtu akikuuzia uhai chunguni, kwanza mwambie acheke uone meno yake.

Nimeitua hadithi yangu hapa, mwenye mgongo aibebe. Mchome, umelala? Ndiyo, amelala! Namsimulia nani mimi?